Wamezikwa kwa heshima, lakini ilikuwaje?

Msibani kwetu, Unguja na Pemba, mtu akishatoa mkono wa pole swali linalofuata ni moja: ilikuwaje? Na mfiwa hujibu. Hujibu kwa kila anayeingia, awe jirani wa ukuta kwa ukuta au mgeni aliyeshuka boti asubuhi ile: alirudi msikitini mzima, akaomba maji, akasema kifua kinambana, tukamkimbiza hospitali, hatukuwahi. Mgeni anatikisa kichwa, anasoma Fatiha, anampisha mwingine, na maelezo yanaanza upya. Siku ya kwanza yamekatikakatika kwa vilio. Ikifika siku ya tatu yameshanyooka, yana mwanzo na mwisho, na msimuliaji mwenyewe amepata nguvu ya kukaa kitako. Wapo wanaosema huko ni kumtonesha mfiwa kidonda. Mimi naona hiyo ndiyo kazi kubwa ya matanga, wali unafuata nyuma.

Sasa mchukue mama aliyeletewa mwanawe kutoka Kongo ndani ya sanduku lililofunikwa bendera. Naye anaulizwa ilikuwaje. Atajibu nini? Wamesema ni waasi. Wamesema walivamiwa usiku. Wamesema alipigana kishujaa. Kila sentensi inaanza na "wamesema", na haendi mbali kabla haijamwishia. Walioshuhudia wako msituni bado, au wamelazwa, au wamefungwa na kiapo. Aliyeleta maiti ni ofisa mwenye adabu zake zote ambaye hakuwapo.

Ninachotaka kusema ni kwamba askari wetu wanaouawa nje tunawazika vizuri, hilo silibishi, lakini maelezo ya vifo vyao tunayaacha hewani. Na watu wa Visiwa hivi hawajui kumkumbuka mtu ambaye hawawezi kusimulia alivyokufa.

Tukio linalonifanya niseme hivi ni la tarehe 7 Disemba 2017. Jioni ya siku ile kambi ya Semuliki, kwenye barabara ya Mbau kwenda Kamango, eneo la Beni, Kivu Kaskazini, ilivamiwa. Waliokuwamo ni Watanzania wa JWTZ, Jeshi la Wananchi, waliokuwa chini ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo. Mapigano yalikwenda kwa saa nyingi. Hesabu ya mwisho ilikuwa walinda amani 15 wa Tanzania wameuawa, 43 wamejeruhiwa, mmoja haonekani, na askari 5 wa jeshi la Kongo wameuawa pamoja nao. Katibu Mkuu António Guterres alisema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya umoja huo, akaliita jinai ya kivita.

Majina yalipotangazwa, watu wa Visiwani hawakuhitaji kuambiwa nani anatoka wapi. Mengi yalikuwa majina ya kwetu, yale ambayo ukiyasikia tu unaanza kuuliza ni wa Kusini au wa Kaskazini, ni mtoto wa nani pale. Miili ikaagwa Upanga, Dar es Salaam, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiongoza, na ya Visiwani ikavushwa. Yalikuwa maziko yaliyochukua wiki nzima kwa watu ambao wamezoea kwamba anayefariki alfajiri huwa ardhini kabla ya magharibi. Heshima zote za kijeshi zilikuwapo. Wala sisemi zilikuwa za juujuu. Anayemwona askari kijana amesimama wima huku machozi yanamtiririka bila ya kuyafuta hawezi kusema hivyo.

Tusijifanye, lakini, kuwa hatujui vijana wetu wanafikaje kule. Mtoto anamaliza skuli, ajira hakuna, anakwenda kujitolea JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi la Zanzibar, akibahatika anachukuliwa na JWTZ. Anafunzwa, anapangiwa brigedi, na siku moja jina lake linatoka kwenye orodha ya misheni. Furaha huwa ya nyumba nzima. Wengi huondoka wakiwa na kibanda kilichoishia kwenye linta, na pesa ya misheni ndiyo inayotarajiwa kupandisha bati. Aibu iko wapi hapo? Mabaharia wetu wameenda bahari zote kwa sababu ileile. Isipokuwa baharia huambiwa ukweli kuhusu bahari.

Familia zetu ziliambiwa vijana wanakwenda kulinda amani, na picha iliyokuja vichwani ni ya kofia ya buluu, gari jeupe na kituo cha ukaguzi. Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, la tarehe 28 Machi 2013, lilikuwa limeunda ndani ya MONUSCO kikosi cha aina nyingine, kinachojulikana kwa kifupi FIB, chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kilichoruhusiwa kuwafuata waasi na kuwashambulia. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Haikuchukua muda. Agosti mwaka uleule wa 2013, katika vita na waasi wa M23 kwenye vilima vya Kibati karibu na Goma, aliuawa ofisa wetu mwenye cheo cha meja, na maiti yake ikaletwa Unguja. Mwezi uliotangulia, tarehe 13 Julai, Watanzania 7 walikuwa wameuawa kwa kuviziwa karibu na Khor Abeche, Darfur, upande wa Sudan. Kwa hiyo miaka minne kabla ya Semuliki serikali ilijua, jeshi lilijua na Umoja wa Mataifa ulijua kuwa ile ni vita kamili. Aliyebaki na picha ya gari jeupe ni mama kijijini.

Baada ya Semuliki Umoja wa Mataifa uliunda timu ya uchunguzi maalumu, ikiongozwa na Mrusi Dmitry Titov, na tarehe 2 Machi 2018 ukatoa muhtasari wa yaliyopatikana. Kila dalili, ulisema, inaelekeza kwa ADF, waasi wenye asili ya Uganda. Lakini sehemu iliyonishika mimi ni ile inayoutazama ujumbe wenyewe. MONUSCO haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea nguvu walinda amani wake wala wa kuwatoa. Kulikuwa na matatizo ya uamrishaji na ya uongozi. Ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi, vitu ambavyo kambi ya porini haiwezi kuishi bila ya kuwa navyo, vilikosekana pale vilipohitajika. Mapungufu katika mafunzo nayo yakatajwa.

Isome tena kama mzazi. Haisemi tu kwamba adui alikuwa na nguvu. Inasema waliopaswa kumfikia mwanao hawakuwa na mpango wa kumfikia.

Hebu tuihesabu tarehe ile kwa kalenda yetu. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Kuanzia Disemba 7 hadi Machi 2 hata miezi mitatu haijatimia, kwa hiyo muhtasari ulitoka vizuka wa Semuliki, wajane wale, wakiwa bado ndani ya eda. Jawabu la swali waliloulizwa msibani, au kiini cha jawabu hilo, lilitolewa New York kwa Kiingereza cha kidiplomasia ambacho kila sentensi imepimwa ili mtu asiudhike. Halikuandikwa kwa ajili ya mwanamke aliyekaa eda Makunduchi au Micheweni. Hakuna sheria ya vita ambayo ingevunjika kama ofisa mmoja na shekhe mmoja wangekwenda nyumba kwa nyumba wakamsomea kila mmoja maneno yale kwa Kiswahili.

Na yule mmoja asiyeonekana? Sijui mlango wa msiba ulio mgumu kuliko huo. Hakuna maiti, hakuna sala, hakuna talkini, hakuna siku ya kuanzia kuhesabu eda. Vitabu vya fiqhi vina mlango mzima juu ya aliyepotea, kuhusu mkewe na mali yake, na wanachuoni wamegawanyika hapo tangu zamani. Ikiwa kwa waliozikwa maelezo ni haki ya heshima, kwa ahali wa huyu ni haki ya kisheria. Bila ya maelezo kadhi hana pa kushika.

Fedha, kwa upande wake, ina njia. Umoja wa Mataifa hulipa fidia kwa mlinda amani aliyeuawa kazini, na hupitia serikali ya nchi yake hadi kwa wahusika. Ikifika, kila Muislamu hapa anaijua hesabu ya mirathi, au anamjua anayeijua: aliyeacha watoto, mke ana thumuni, mama sudusi, baba sudusi, na kinachobaki cha watoto. Ugomvi hutokea, ndiyo, wa wakwe na wajane, wa nani aliandikwa kwenye fomu na nani hakuandikwa. Hata hivyo kuna ofisi ya kuendea na kuna karatasi ya kuonesha. Simulizi ya kifo haina ofisi.

Mfano wa jinsi mambo yanavyoweza kuwa vingine uko karibu sana na sisi, na naudhika kwamba hatuutaji. Novemba 2018, mwaka mmoja baada ya Semuliki, askari wa Malawi na wa Tanzania walikuwa katika operesheni dhidi ya ADF eneo la Beni. Chini ya risasi nyingi, askari wa kawaida wa Malawi, Chancy Chitete, alimwona koplo wa Kitanzania amejeruhiwa vibaya na amebaki wazi mbele ya adui. Akamvuta hadi mahali salama akaanza kumhudumia. Chitete akapigwa risasi na akafa. Koplo wetu akapona. Mei 2019 Guterres alimtunuku Chitete Medali ya Kapteni Mbaye Diagne, iliyopewa jina la ofisa wa Senegal aliyeuawa Rwanda mwaka 1994 baada ya kuwaokoa watu wengi bila ya silaha, na ambayo kabla ya hapo ilikuwa imetolewa kwa familia ya Diagne mwenyewe tu.

Chitete anakumbukwa kwa sababu yupo aliyekaa chini akaandika: nani, wapi, alifanya nini, kwa nani. Nyumbani kwao Malawi mtu akiuliza ilikuwaje, jawabu lipo. Sitaki kuamini kwamba katika usiku wote ule wa Semuliki hapakuwa na Mtanzania hata mmoja aliyemvuta mwenzake. Walionusurika walikuwa wengi kuliko waliokufa. Wanajua.

Nitajibiwa kuwa hizi ni siri za jeshi. Sawa, zipo: masafa ya redio, idadi ya silaha, njia za doria. Hakuna mama anayeuliza masafa ya redio. Anachouliza ni kama mwanawe alikufa palepale au alingoja, kama alikuwa na mwenzake, kama aliwahi kusema neno. Wengine watasema maelezo mengine ni mazito, bora familia isijue. Huu ni ubabaishaji wa watu wazima. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiosha maiti wetu wenyewe kwa mikono yetu, waliozama, waliogongwa, walioungua; baada ya kuzama kwa meli ya MV Spice Islander Septemba 2011 vijiji vizima viliosha na kuzika kwa mamia. Uzito tunaujua. Na pale ukweli usipoletwa, uvumi haungoji mwaliko: walikosa risasi, waliuzwa, kuna mkubwa alijua. Maneno ya namna hiyo yanalidhuru jeshi kuliko muhtasari wowote wa Umoja wa Mataifa.

Afrika Kusini walipopoteza askari 14 huko Goma na Sake, Januari 2025, bunge lao lilimhoji waziri wa ulinzi hadharani, na maswali yalikuwa makali: silaha gani, chakula gani, nani aliamua. Sisi mwezi uleule tulipoteza askari wawili, chini ya ujumbe wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na kilichotufikia ni taarifa fupi ya jeshi. Miezi miwili haikupita, SADC ikakatisha ujumbe ule. Kwa nini ulikatishwa, na umeacha nini? Kwa mzazi wa mmoja wa wale wawili hayo hayakuwa maswali ya siasa za kanda.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa huku tunalizunguka. Gwanda, hasa Pemba, lina kumbukumbu zaidi ya moja. Ziko nyumba ambazo likitajwa linarudisha Januari 2001 na maandamano yaliyoishia kwa makumi ya watu kuuawa, na misimu ya uchaguzi ambayo magari ya vikosi hupita barabarani kuliko daladala. Kabla ya hapo tulifika mahali vijiji vilisusiana maziko kwa sababu ya vyama. Kwa hiyo mtoto wa kijiji kama hicho anapovaa gwanda kisha akarudi ndani ya bendera, wanakijiji hawajui wamlie nani: mtoto wao, au serikali. Wengine wanaona kumkumbuka hadharani ni kuisifu dola. Nadhani wanakosea, lakini naelewa wanapotoka, na hotuba za ushujaa haziwasaidii kuvuka. Maelezo ya kweli, yanayokiri hata makosa ya wakubwa, yangemrudisha yule kijana kwao. Angekuwa mtu aliyeachwa peke yake usiku porini na akasimama, wala hapo huulizwi kadi ya chama.

Mnara mimi siupiganii. Tunajua minara inavyokuwa. Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inaahidi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako, na juu ya mnara wenyewe hakuna jina hata moja la Mwafrika. Wanaume wa Unguja na Pemba walichukuliwa upagazi katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1917, kwenda kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza bara. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wakati huohuo mabaharia wa Kiingereza wa HMS Pegasus, meli iliyozamishwa na Wajerumani hapa bandarini kwetu tarehe 20 Septemba 1914, wamezikwa kisiwani Chapwani, na majina yao yamehifadhiwa mmoja mmoja kwenye madaftari ya tume hiyohiyo. Wale nao waliuawa ng'ambo. Tofauti ilikuwa daftari.

Na daftari tunaliweza. Kila tarehe 7 Aprili viongozi hukusanyika Kisiwandui kwa khitma ya Mzee Karume, na hakuna anayesema kuwa khitma ni bida'a ya serikali au gharama ya kupita kiasi. Tarehe 25 Julai taifa huweka mkuki na ngao, sime, shada la maua. Kwa siku ya walinda amani, ya tarehe 29 Mei, Umoja wa Mataifa hutoa Medali ya Dag Hammarskjöld kwa waliokufa. Siku si haba. Kinachokosekana ni kitu cha kusoma ndani ya siku hizo.

Najua pia kikwazo cha ofisi. Ulinzi ni jambo la Muungano tangu 1964, kwa hiyo ukigonga Unguja utaambiwa nenda bara, na ukifika bara utaambiwa suala la familia lishughulikiwe na Zanzibar. Ila nyaraka si jambo la Muungano. Taasisi ya Nyaraka pale Kilimani inatunza barua za masultani na hesabu za karafuu za karne iliyopita. Haishindwi kutunza simulizi za askari. Ianze na wazee wa vita vya Kagera, maana kijana wa miaka 20 aliyeingia Kampala Aprili 1979 sasa anakaribia 70, na kila mwaka tunawazika na wanayoyajua. Kisha ije kwa walionusurika Semuliki, wengi wao bado wana nguvu zao, baadhi wameshastaafu. JWTZ ikubali tu kuwaambia kwamba wanaruhusiwa kusema.

Kwa kila aliyeuawa, ukurasa mmoja unatosha: alikuwa wapi, na nani, saa ngapi, nini kilitokea, nini kilishindikana, na sahihi ya kamanda chini yake. Nakala moja Kilimani, nakala moja kwa mama. Miaka 10 ya Semuliki inatimia Disemba 2027, na kwa kurasa 15 muda huo unatosha.